Mikono Ambayo Sikuiona

Nakumbuka Januari moja, mwanangu, miaka ile ya elfu mbili ambapo simu ya mkononi bado tuliazimana. Nilikuwa mwalimu kijana Kitale, na kila Ijumaa niliteremka hadi Kabuchai, kule Bungoma, kwa Mzee Simiyu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, na watoto wake hawakuja ila Krismasi. Alikuwa na darubini ndogo, lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfungia anga.

"Niazime macho yako," aliniambia.

Alitamani habari za galaksi moja hafifu, ya mbali mno, iliyojikunja kama gamba la konokono. Nuru yake husafiri mamilioni ya miaka kabla ya kutufikia. Akanielekeza: kaa gizani nusu saa macho yazoee, usiwashe tochi, wala usiikodolee macho. Tazama kando yake kidogo, ndipo itajitokeza.

Mwenye macho haambiwi tazama, husema wahenga. Mimi niliambiwa, na bado nikavumilia dakika kumi tu. Sikuona kitu. Nikaona haya kumwambia, nikakumbuka picha ya kitabuni ya galaksi yenye mikono ya nuru.

"Naiona, Mzee! Mikono miwili, imejizungusha vizuri."

"Ati mikono?" Akacheka kidogo. "Na vidole je, umehesabu? Mwalimu, mikono hiyo huonekana kwenye picha, kamera ikiachwa wazi kwa saa nyingi. Kwa darubini hii mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Nilikuomba macho, bana, si kitabu."

Ijumaa iliyofuata nilikaa nusu saa nzima, mashamba ya miwa yakiwa kimya pande zote. Nikatazama kando. Ikaja: doa la kijivu, jepesi kama pumzi kwenye kioo.

"Naiona, Mzee. Ni kama ukungu tu."

"Huenda," akasema, akapapasa fimbo yake, akaingia ndani.

Nilibaki nayo peke yangu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kukosa namna ile mtu wa kumwambia.

Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi, na huishia mahali pasipo watu. Ukiona doa, sema doa. Usipoona kitu, sema hujaona. Anayekutegemea atangoja pamoja nawe. Mungu akujalie subira, na neno lako lisikose wa kuliamini.