Plasta ya mama isiyo na betri, na kiti nilichomnunulia

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Laurel, Maryland. Wale wa kusema ni chai, kwamba natunga, vumilieni mpaka mwisho ndipo mniseme.

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Morogoro. Ni mama wa bustani ya mboga, kuku na maneno mengi. Hajawahi kukaa bure.

Wiki chache tu baadaye akaanza kupata kizunguzungu. Siku moja nikamkuta bafuni kakaa chini, kashika sinki, ananiambia kateleza. Sakafu ilikuwa kavu.

Daktari akasema anashuku mapigo ya moyo, ila lazima ayafuatilie kwa muda ndipo ajue. Na mpaka ajue, hakuna kupanda ndege.

Mama alisikia hilo la ndege tu. Tulipofika kwenye gari akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuja kufia huku." Nikawasha gari.

Hospitali wakambandika kifaa kipya wanachokijaribu. Ni plasta laini, inajikunja pamoja na ngozi, inaanzia kifuani inashuka ubavuni. Haina betri wala waya wa kuchaji. Inatengeneza umeme wake mwili unapojongea, halafu inatuma mapigo kwenye app ya simu.

Sasa mnajua mzazi akitoka nyumbani anavyopokelewa huku. Mke wangu ni Mkamba wa Kitui, alimpiga marufuku kugusa hata kijiko. "Mum, wewe tulia tu, umefanya kazi ya kutosha." Akinyanyuka kufuata maji, binti yangu anamuwahi: "Bibi, sit down, I got it."

Mimi nikamnunulia kiti kile cha kuegemea, kinachoinua miguu. Nilijiona mtoto mwema kwelikweli.

Basi app ikaanza vituko. Asubuhi mstari wa mapigo upo, tukishatoka kwenda kazini unakatika mpaka jioni. Kila siku hivyo hivyo, na daktari anasema kwa mapengo haya hawezi kuamua kitu.

Kuna siku niko kazini Germantown, nikachungulia simu, mstari haupo. Nikapiga nyumbani, haipokelewi. Niliendesha gari kurudi nyumbani, namuomba Mungu kwa sauti.

Nafungua mlango, mama kaketi kwenye kile kiti, blanketi magotini, anatazama TV ambayo haelewi inasema nini. Simu iko mezani upande wa pili. "Si mmesema nisinyanyuke," akaniambia.

Nikampigia dada wa hospitali anayesimamia vile vifaa, nimewaka. Nikamwambia kifaa chenu kibovu, mtaniua kwa presha. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza mama anafanya nini mchana kutwa.

Nikajibu kwa fahari kabisa kwamba hafanyi chochote, hatumruhusu.

Halafu akanieleza taratibu kwamba kifaa ni kizima. Mtu akitulia kupita kiasi kinaishiwa nguvu, na mama yangu anatulia kupita kiasi.

Nikamweleza mama, nikitegemea atacheka. Akanitazama weee, akasema, "Hata mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Nyie mmenipa kiti." Machozi yakamtoka. Kumbe alikuwa anaamini tumeshamwona hana kazi tena, tunasubiri tu afe.

Iliniuma sana, sitaficha.

Daktari akaruhusu kazi nyepesi, mradi mtu awe karibu, kwa hiyo mimi na mke wangu tukapishana shifti. Mama akaanza kwa kupanga upya makabati yote ya jikoni. Mke wangu akameza maneno. Akakanda unga wa chapati, akapanda mchicha kwenye ndoo kibarazani.

Tulipoenda kwenye shughuli ya Watanzania Bladensburg, kina mama wakamnyang'anya mwiko: "Kaa mama, pumzika." Akawaonyesha plasta: "Daktari kanikataza kukaa." Akarudishiwa mwiko wake.

Mstari ukajaa. Daktari akaona alichokuwa anakitafuta: dawa ya presha aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa inashusha mapigo mno. Akambadilishia, kizunguzungu kikaisha, na ruhusa ya ndege ikatoka, akarudi nyumbani.

Jumapili iliyopita nimempigia Morogoro mara tatu, kimya. Nikampigia mdogo wangu anayeishi naye, akasema simu ya mama iko ndani, mwenyewe yuko bustanini anapalilia. Akaniuliza, "Nimwite?"

Nikamwambia mwache.

Nilichojifunza ni kwamba mzazi akija mtunze, ila muulize anataka kushika nini. Sisi tulidhani tunampumzisha, kumbe tunamzima.

Kiti bado kipo sebuleni, hakuna anayekikalia. Nyie mlioleta wazazi huku, mliwapa kiti au jembe? Semeni ukweli, hapa hatuchekani.