Sauti ya Simoni kutoka Madurai

Watu wa Mutaho waliijua baiskeli ya Simoni kabla ya kumjua mwenyewe. Ilikuwa baiskeli nzito ya Kichina, nyuma imeungwa vyuma vya ziada, na juu yake alipakia chochote kilichotakiwa kufika Gitega: mikungu ya ndizi, magunia ya makaa, vitanda, na siku moja jeneza tupu ambalo watoto walilikimbia njia nzima. Milima aliipanda akisukuma, miteremko aliishuka akimwomba Mungu. Maneno hakuwa nayo. Ukimsalimu anaitikia, ukimuuliza bei anakutajia, basi. Alikulia kambini Tanzania, upande wa Kibondo, na aliporudi Burundi akiwa kijana, wenzake walimcheka kwa Kiswahili chake wakisema anaongea kama mtangazaji wa redio. Akaona ni afadhali anyamaze, na kunyamaza kukawa tabia.

Mkewe, Jeska, aliishi na mtoto wao Elikana huko Gasorwe, kule Muyinga, wanakolima kahawa, mahindi na mihogo kwenye kipande cha shamba walichogawiwa na ukoo wa Jeska. Simoni alikuwa akienda kila alipopata nafasi. Jeska ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili. "Ukitaka habari za mume wangu," alikuwa akiwaambia majirani, "niulize mimi. Yeye atakuambia hajambo, halafu ataangalia miguu yake."

Sasa, mtu wa namna hiyo alikuwa na rafiki mmoja mkubwa, naye alikuwa kinyume chake kabisa. Gédéon, Mkongo wa Uvira, aliuza vitenge sokoni Gitega. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na aliweza kumuuzia kitenge mtu aliyetoka nyumbani kununua chumvi. Urafiki wao ulianza kwa mizigo. Simoni alimbebea marobota ya vitenge kuyapeleka kwenye masoko ya Mutaho na Itaba, na Gédéon alikaa juu ya marobota hayo akipiga hadithi.

Kisha macho ya Gédéon yakaanza kuharibika. Ugonjwa ulipita ukaacha makovu meupe, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia, mpaka akawa anawajua wateja wake kwa sauti na vitenge kwa kuvipapasa. Biashara hakuiacha. Simoni aliendelea kumbeba, na hapo ndipo alipoanza kusema njiani, kwa sababu asingesema mwenzake angeanguka. "Shimo. Shikilia. Mteremko mrefu huu. Inama, kuna tawi." Gédéon alikuwa akimuuliza, "Na watu je? Wako wengi sokoni? Wamevaa namna gani?" Simoni akawa anamjibu hayo pia, kwa maneno machache, lakini ya kutosha.

Daktari wa Gitega alisema makovu yale yanaweza kuondolewa, jicho likawekewa kioo kingine cha mbele, kile kinachopitisha mwanga, kutoka kwa mtu aliyefariki, ila kazi hiyo inafanyika India ya kusini, katika mji wa Madurai. Wafanyabiashara wa sokoni wakachanga, kanisa likachanga, Wakongo wenzake wakachanga. Likabaki swali la nani amsindikize. Ndugu zake wa Uvira walikuwa wamefungiwa njia na vita. Watu walidhani atamchukua mtoto wa mchungaji, kijana aliyesoma Kiingereza. Gédéon akamtaja Simoni.

"Lakini Simoni haongei!" walipinga.

"Kusema mi najua mwenyewe," Gédéon akajibu. "Mi natafuta mutu wa kuniangalilia."

Simoni alipopewa pasipoti mkononi, alikaa nayo muda mrefu bila kuifungua. Mara mbili maishani mwake alikuwa amevuka mpaka wa nchi. Mara ya kwanza alikuwa mgongoni mwa mama yake, risasi zikilia nyuma. Mara ya pili alikuwa juu ya lori la wakimbizi wanaorudishwa, amekumbatia sufuria. Safari hii alivuka akiwa amevaa shati alilopiga pasi, na afisa wa uwanja wa ndege akamwambia, "Safari njema, mzee." Alimtumia Jeska picha ya ile pasipoti. Jeska akaizungusha kilima kizima, nyumba kwa nyumba.

Kabla hawajaondoka, rafiki zao walikuwa wamefungua kundi la WhatsApp. Sebastiani, mwenye duka na kibanda cha chai pale Mutaho, ndiye aliyekuwa na spika, na waendesha baiskeli walikubaliana kukusanyika kwake kusikiliza habari za wasafiri. Jeska naye aliingizwa humo. Kazi ya kutuma habari ilikuwa ya Gédéon, bila ubishi.

Walipanda treni kutoka Chennai kwenda Madurai, wakakaa dirishani.

"Niambie, kuko nini?" Gédéon akauliza, simu mdomoni.

"Mashamba ya mpunga," Simoni akasema. "Maji yamesimama. Kuna mwanamke anapanda, amefunga nguo kiunoni."

Gédéon akabonyeza simu. "Ndugu zangu wa Mutaho! Hapa mpunga ni kama bahari, bon, hauna mwisho! Na mamia ya wanawake wanaimba ndani ya maji!"

"Ni mmoja," Simoni akanong'ona. "Na haimbi."

"Acha, we! Batu banataka kufurahi."

Kwa hiyo Mutaho ikasikia kuhusu treni iliyokwenda kasi kuliko ndege, na vitumbua vyeupe vya mvuke vilivyokuwa vikubwa kama mito ya kulalia. Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Simoni alisikia vicheko hivyo kwenye majibu, akatabasamu, akarudi kuangalia nje.

Madurai ulikuwa mji wa joto na honi. Wanawake walivaa mashada ya asumini kwenye nywele, na asubuhi walichora maua barazani kwa unga wa mchele, ambao baadaye ulikanyagwa na kila mpita njia bila mtu kukasirika. Hospitali ya macho ilikuwa imejaa watu kutoka kila upande. Walipokelewa na Upendo, binti wa Kigoma aliyekuwa akisomea famasia mjini humo, ambaye mara kwa mara aliitwa kuwatafsiria wagonjwa wanaosema Kiswahili. Aliposikia Simoni anasalimia, alishika kifua.

"Kaka, wewe ni wa kwetu!"

"Nilikulia Kibondo," Simoni akasema.

"Unaongea vizuri. Nimefurahi, Kiswahili cha kwetu sijakisikia siku nyingi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Simoni hivyo. Alitazama miguu yake.

Siku ya upasuaji Gédéon alivalishwa gauni la kijani. Mtu yule wa vicheko sasa jasho lilikuwa linamtoka. Kabla hawajamwingiza ndani alipapasa akaupata mkono wa Simoni, akaweka simu kiganjani mwake.

"Wataulizia. We utawaambia."

"Mimi? Niseme nini?"

"Unasema ile unanisemeaka mi kila siku," Gédéon akasema. "Njo hiyo tu."

Mlango ukafungwa. Simoni akakaa kwenye benchi na ile simu kama aliyeachiwa mtoto mchanga. Haukupita muda, ujumbe ukaanza kuingia. Sebastiani aliuliza mbona kimya. Mama mmoja wa sokoni Gitega aliuliza kama Gédéon bado yu hai. Kisha ikaja sauti ya Jeska, ikihema, maana kule Gasorwe ili upate mtandao mzuri ilibidi upande mpaka sokoni, juu mlimani.

"Baba Elikana, tuko hapa wengi. Siku ya soko leo. Mama zangu wamenizunguka. Sema chochote."

Simoni alibonyeza, akakohoa, akafuta. Akabonyeza tena, akafuta. Upendo, aliyekuwa ameketi kando, akamwambia, "Kaka, nitoke nikusubiri nje?"

"Hapana, kaa."

Akashusha pumzi, akabonyeza, na safari hii hakuachia.

"Mimi ni Simoni," alisema. "Gédéon yuko ndani, wamemwingiza sasa hivi. Alikuwa anaogopa, lakini ameingia kwa miguu yake. Mimi niko kwenye benchi, na ukuta wa hapa ni wa bluu. Mbele yangu kuna bibi amefungwa bandeji jicho moja, na mumewe anammenyea chungwa, anampa kipande kimoja kimoja. Wote hapa tunangoja. Nataka mjue jambo moja. Hicho kioo anachowekewa Gédéon kimetoka kwa mtu wa hapa aliyefariki. Watu wake walikuwa wanalia, na katikati ya kilio wakakubali macho yake yamsaidie mtu wasiyemjua. Jina lake hatukuambiwa. Nimekaa namfikiria. Kama mko karibu na kanisa, au popote mlipo, waombeeni watu wa nyumba hiyo. Wakimtoa Gédéon nitawaambia. Sitaondoka hapa."

Akaachia kidole. Upendo alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kule Mutaho, Sebastiani aliucheza ujumbe ule kwenye spika, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwendesha baiskeli mmoja alivua kofia. Kule Gasorwe Jeska aliinua simu juu ili wote wasikie, na ilipofika mwisho wanawake wakapiga magoti palepale kati ya mafungu ya maharage, wakaombea nyumba ya watu wa Madurai ambao hawatawaona kamwe. Walipoinuka, bibi mmoja akamvuta Jeska mkono.

"Huyo anayesema ni nani?"

"Ni mume wangu," Jeska akasema.

"Si ulituambia haongei?"

"Alikuwa haongei," Jeska akajibu, akasimama wima kama anayepimwa urefu. "Sasa ameanza."

Gédéon alitolewa salama, jicho la kulia limefunikwa. Daktari aliagiza apumzike, asipige kelele, asicheke kwa nguvu, na hiyo kwake ilikuwa adhabu kubwa kuliko kisu. Habari zikabaki kwa Simoni. Aliwaeleza watu wa nyumbani jinsi kahawa inavyomiminwa kutoka juu mpaka ikatoa povu. "Nimechuma kahawa miaka na miaka," alisema, "lakini kikombe chake cha kweli nimekinywea huku. Ni chungu, halafu ni tamu. Sasa najua tunachouza." Wakulima wa Gasorwe waliusikiliza ujumbe huo tena na tena. Mmoja alirudi nyumbani akakaanga kahawa yake mwenyewe kwenye sufuria, ikaungua, akainywa hivyohivyo.

"We unanipora kazi," Gédéon alilalamika kitandani.

"Chukua simu yako."

"Ah, hapana." Akausukuma mkono wa Simoni wenye simu. "Mi pia napenda kusikia."

Bandeji ilipotolewa, Gédéon aliona mwanga na vivuli, zaidi ya hapo hakuona. Daktari alisema jicho litajifunza polepole, arudi kupimwa kabla ya kusafiri. Kwa vile walikuwa na siku za kungoja, Upendo aliwakatia tiketi ya treni kwenda kusini kabisa, Kanyakumari, akasema haifai mtu atoke Burundi aishie kuona hospitali.

Treni iliteremka asubuhi kupitia ardhi nyekundu na migomba mingi, na milima ikasimama upande wa kulia. Simoni alikuwa ameshika simu, akiwaambia watu wa Mutaho kwamba mikungu ya huku imefungwa majani makavu, na kwamba mzee wa kiti cha mbele amewapa karanga. Akanyamaza kutafuta neno, kwa sababu mbele yao, kwenye uwanda, palikuwa na kitu ambacho hakukijulia jina.

"Simoni," Gédéon akasema taratibu. "Kuko kitu cheupe."

Simoni akageuka.

"Usiniambie. Ngoja." Gédéon alikuwa ameegemea dirisha, kiganja kimekinga jua. "Kirefu. Nyeupe. Iko nazunguka. Na kingine. Eh, Simoni, viko vingi! Vinazunguka vyote!"

Yalikuwa mapanga ya upepo, yale ya kutengeneza umeme, yamejaa uwanda mpaka miguuni mwa milima. Simoni hakuwa amesema neno lolote juu yake. Gédéon akageuka kutoka dirishani, akausogeza uso wake karibu na wa rafiki yake, akauchunguza kama anavyochunguza rangi ya kitenge.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe umezeeka!"

Wakacheka wote wawili, Gédéon akisahau amri ya daktari, na mzee wa karanga akacheka nao bila kujua sababu. Simu ilikuwa bado inarekodi. Ujumbe huo ulikwenda kama ulivyo, na mpaka leo Sebastiani hajaufuta. Mtu akija kwenye kibanda chake na moyo mzito humchezea.

Walirudi nyumbani mvua za Oktoba zikianza. Gédéon alifungua tena meza yake sokoni Gitega, na sasa anawaambia wateja rangi ya kitenge kabla hawajauliza. Jicho la kushoto bado linangoja zamu yake.

Simoni alikwenda moja kwa moja Gasorwe. Alikuta ukoo wa Jeska una jambo: mdogo wake, Christina, alikuwa anachumbiwa, na wakwe walikuwa wanakuja na pombe yao na msemaji wao, mtu mzima mwenye sifa ya kuzungusha maneno. Upande wa nyumba ulihitaji msemaji wa kumjibu. Wazee wakakaa, wakanong'onezana, kisha baba mkwe akamwita Simoni mbele ya watu wote, akampa fimbo ya msemaji.

"Mkwe wetu," akamwambia, "utatusemea."

Simoni akaipokea kwa mikono miwili. Kwenye safu ya wanawake, Jeska alikaza kitenge chake kifuani, akainua kidevu, akawaambia waliomzunguka, "Nyamazeni, jamani. Baba Elikana anataka kusema."