Nilinunua Gari Ambalo Mama Mkwe Hawezi Kuketi Ndani

Usiweke jina langu, tafadhali. Hapa Kitui mjini watu wananijua kama muuza ndengu mwenye akili timamu, na ningependa waendelee hivyo. Lakini kosa ni langu, na nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Nilinunua gari kwa kuangalia sura. Mtu mzima, baba wa mtoto, nikafanya mambo ya kijana anayechumbia.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumekubaliana vizuri kabisa. Mama yake anaishi kule Makueni, karibu na soko la Matiliku, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho na kwamba anatibika. Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya pili, na tulikuwa tumeambiwa ni msichana.

Kwetu Wakamba, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, wa pili jina la mama ya mke. Mwende, mtoto wetu wa kwanza, ana jina la mama yangu, kwa hivyo huyu alikuwa wa mama mkwe. Alilisubiri jina hilo tangu tuoane. Hakuomba zawadi wala blanketi. Aliomba atibiwe macho mapema, ili wajina wake akizaliwa amwone.

Ndipo tukaamua kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Na tukakubaliana liwe gari refu, la safu tatu za viti.

Sababu ni hii. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, hawakai karibu, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Tunaiita nthoni. Vijana wa siku hizi wameilegeza, na hata mchungaji wa mama mkwe amehubiri kwamba hayo ni mambo ya kale. Mama mkwe huitikia amina kwa sauti, halafu akisikia nimefika anapitia nyuma ya jikoni.

Kwa hivyo mpango ulikuwa mimi mbele, mke wangu katikati, mama mkwe kule nyuma kabisa. Kila mtu na heshima yake.

Nikaenda Mtito Andei kuliona gari lenyewe. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya hoteli wanayokula madereva wa malori. Rangi ilikuwa imebabuka na kiti kimoja kimefungwa kamba, lakini injini ilinguruma vizuri na mwenyewe hakunificha kitu. Shida ni kwamba kando yake palikuwa na gari dogo la watu watano, lenye buti nyuma, limepigwa polishi mpaka nikajiona kwenye mlango. Na jinsi nilivyojiona mle, nilipendeza.

Bei zilikaribiana. Muuzaji akaniambia hili dogo linakunywa mafuta kidogo sana. Mke wangu sikumpigia simu. Nilimpigia rafiki yangu mmoja ambaye hajawahi kunikatalia neno, naye akasema nichukue haraka kabla halijaenda.

Nilipofika nyumbani mke wangu alilizunguka gari mara moja, mimi nikiwa bado kwenye usukani. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akanyoosha mkono akanishika shingo.

"Baba Mwende, mama atakaa wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa."

"Hapa nimekushika shingo."

"Mama ni mtu ameokoka. Atazoea tu."

Hakunijibu. Mke wangu akinyamaza, mimi hufikiri nimeshinda. Hilo nalo ni kosa ambalo nimelirudia mara nyingi.

Baadaye tukasikia madaktari wa macho wamekuja Makueni kwa siku chache, na mama mkwe akapangiwa siku yao ya mwisho. Tulifika Matiliku asubuhi na mapema. Alikuwa tayari, amevaa nguo yake ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Mke wangu akamshika mkono akamleta hadi kwenye gari, mimi nikiwa nimegeukia upande wa shamba kama inavyotakiwa.

Mama mkwe alipapasa kiti cha nyuma, kisha akapapasa kiti cha mbele. Akarudia tena. Halafu akaongea na mke wangu, maana mimi haongei nami moja kwa moja.

"Mwambie mume wako gari ni nzuri. Lakini mimi siwezi kukaa nikimpumulia mtoto wa watu kwa shingo."

Nikasema, kupitia mke wangu, kwamba tunaweza kufunga leso katikati iwe kama pazia.

"Leso? Kwani mimi ni chapati ya kufunikwa?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Hata mimi nilicheka, nikiangalia mahindi. Kisha mke wangu akaacha kucheka, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo. Mimi nitaendesha, wewe ubaki hapa unywe uji."

Sasa hapa ndipo ungamo langu lilipo. Mke wangu ana leseni. Alijifunza kuendesha gari kabla yangu, na anaendesha vizuri kuliko mimi. Ningempa ufunguo, wangefika hospitali na kila kitu kingekwisha pale.

Nikakataa. Nilisema barabara ni mbaya kwa mtu mwenye tumbo kubwa vile. Nilimwambia namjali yeye na mtoto. Ulikuwa uongo mtupu. Niliogopea bampa. Nilijiona nikirudishiwa gari langu likiwa na mkwaruzo, na moyo ukakataa kabisa.

"Haya," mke wangu akasema. "Tafuta basi gari ya mama."

Nikaondoka peke yangu kutafuta gari refu la kukodi, nikajifanya mjanja, nikakata njia kupitia mto mkavu. Magari ya juu hupita pale bila shida. Langu ni la chini. Lilizama kwenye mchanga, na vijana waliokuja kulivuta walitoka na kamba, na kwenye kamba kulikuwa na bampa. Bampa ile ile niliyoiogopea, niliing'oa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Nilipopata gari la kukodi jua lilikuwa limeanza kushuka. Tulifika hospitali madaktari wakifunga masanduku. Walituambia kwa upole tungoje mpaka watakaporudi. Mama mkwe aliwashukuru. Mimi sikuambiwa neno lolote, na ningefurahi kama ningetukanwa.

Msimhurumie sana, macho yake yametibiwa sasa. Madaktari waliporudi, mke wangu aliendesha na mimi nilibaki nikibembeleza mtoto. Siku hizi mama mkwe anaona mbuzi wa jirani wakiwa bado mbali. Lakini mtoto hakuwangoja madaktari.

Mama mkwe aliletwa Kitui siku chache baada ya mtoto kuzaliwa. Mimi nilikaa nje ya dirisha, mahali pangu pa heshima, nikisikia kila kitu. Mke wangu akamwekea mtoto mikononi. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa anampapasa, paji la uso, pua, masikio, polepole, kama alivyopapasa vile viti.

"Amefungua macho?" akauliza.

"Amefungua, mama. Anakuangalia wewe."

"Basi ni sawa. Mmoja wetu anamwona mwenzake."

Nililia pale nje, na sioni haya kusema. Mtoto huyo mpaka leo silitamki jina lake, kwa sababu ni la mama mkwe. Namwita tu Mama, na kila nikimwita nakumbuka.

Wewe unayepanga kununua gari dogo la bei nafuu, nunua, sikukatazi. Ni gari zuri, na mafuta kweli linakunywa kidogo. Lakini usimuulize muuzaji kabla hujamuuliza mkeo nani ataketi wapi. Na mkeo akinyoosha mkono akuombe ufunguo, mpe, hata kama gari litarudi limekwaruzwa kila upande. Rangi hupakwa upya. Mtoto wangu hatazaliwa tena ili nyanya yake amwone siku hiyo.