Kobe wa Mama Alimasi

Kwa muda wa karibu miaka miwili Zuberi bin Ramazani, fundi cherehani wa Kamina, aliishi na mkewe Zuena bila kumsikia akisema zaidi ya yale ambayo nyumba haiwezi kwenda bila kuyasema: maji yamekwisha, mlango haukufungwa, kuna mtu nje. Kabla ya hapo Zuena alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na kicheko chake kilisikika mpaka kwenye njia ya reli. Kilichomnyamazisha, kila mtu mtaani alikijua, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekitaja.

Mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini na tisa, mvua zilipokuwa zikielekea kwisha, homa iliingia katika nyumba hiyo ikawalaza watu wawili kwa mpigo: Zuena na mwanawe wa pekee, Alimasi, mtoto wa miaka mitatu. Mama alipelekwa hospitali hajitambui. Mtoto alibaki mikononi mwa baba yake, na siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, akafariki. Zuberi alikuwa mtu aliyesoma; alihitimu Kurani ujanani mwake kule Kasongo, katika Maniema, akakaa miaka mitano mbele ya mashekhe, na alijua kwamba maiti hacheleweshwi, kwamba kumharakishia marehemu safari yake ni kumkirimu. Jua halijatua, Alimasi alikuwa amekwisha kuoshwa, kuvishwa sanda, kuswaliwa na kulazwa katika mwanandani, kwenye makaburi ya ng'ambo ya reli.

Siku ya tisa Zuena alirejea kwa miguu yake. Akakiona kitanda cha mtoto kimesimamishwa ukutani. Hakulia. Aliuliza neno moja tu:

“Hamukuningojea?”

Zuberi alimjibu kwa aya na kwa hadithi, na kila alilolisema lilikuwa sahihi. Toka siku hiyo mkewe hakumuuliza swali jingine. Naye hakupata tena ujasiri wa kumwita Mama Alimasi, kama desturi ya watu wa Maniema inavyotaka mwanamke aitwe kwa jina la mwanawe. Akawa anamwita Zuena, kama mtu amwitavyo mgeni aliyetambulishwa kwake jana.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa hamsini na moja, jirani yao Kisimba, Mluba Mkatoliki aliyefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, alifika barazani, mkono mmoja ameshika suruali iliyopasuka magotini, na sanduku la sabuni kwapani.

“Tata Zuberi, nakuletea kazi mbili,” alisema. “Huyu suruali umushone. Na huyu bwana mukubwa, umupe nyumba.”

Ndani ya sanduku mlikuwa na kobe mwenye ukubwa wa bakuli la wali, gamba lake la hudhurungi, kichwa amekirudisha ndani.

“Umemutoa wapi?”

“Pembeni ya reli, huko Luena. Bibi yangu alikuwa tayari ameweka chungu ku moto. Lakini bwana akaniangalia vile padri anakuangalia kama umechelewa misa. Nikasema, Kisimba, huyu utashindwa kumumeza.”

“Sisi hatukule kobe.”

“Njo maana nakuletea weye! Mu nyumba ya Baislamu atazeeka mupaka mvi.”

Zuberi alitabasamu kwa adabu, akawa anatafuta maneno ya kukataa bila kumuudhi jirani. Ndipo pazia la mlango liliposogea. Zuena alitoka, akachutama mbele ya sanduku na khanga yake ikigusa vumbi, akatazama kwa kitambo kirefu. Kobe alitoa pua, kisha macho. Zuena akainua uso.

“Anakula nini?”

Lilikuwa swali. Sindano aliyokuwa akishonea ilimchoma Zuberi kidoleni naye hakuisikia. Kisimba, asiyejua ni kitu gani kimetukia mbele yake, alijibu tu kwamba anakula uyoga, majani ya viazi, na mapera yaliyoanguka. Akasahau kuchukua risiti ya suruali yake, akaenda zake. Usiku huo katika dua zake Zuberi hakuomba riziki wala afya. Aliomba kobe aishi, maana aliona wazi kwamba kama uko mlango mmoja uliobaki wa kumrudisha mkewe, ni huo, nao una upana wa sanduku la sabuni.

Hawakuwa na ujuzi wowote wa kufuga mnyama wa namna ile. Asubuhi ya kwanza Zuberi alimpindua kumsafisha, akaona sehemu ya nyuma ya gamba ikijifunga kama mlango wa kabati. Akadhani amemvunja. Alikimbia kwa Kisimba na kobe mikononi, jasho likimtiririka, na Kisimba akacheka mpaka akakaa chini: ndivyo walivyoumbwa kobe wa nchi hii, wana bawaba mgongoni. Wakajifunza kidogo kidogo. Wakajua kwamba maji yawekwe katika sahani iliyo bapa, kwa kuwa hunywa kwa kuzamisha uso mzima. Kwamba jua la mchana humdhuru na kivuli chote pia humdhuru. Kwamba hapendi kuinuliwa. Zuberi alimjengea ua wa matofali mabichi nyuma ya jiko. Zuena alikwenda mwenyewe porini baada ya kila mvua kutafuta uyoga, akirudi na majani nyweleni, na siku moja mwezi wa tatu alimwambia mumewe, bila kuulizwa:

“Leo amekula konokono. Nikasikia gamba inavunjika, ka-ka-ka, kama mutu anakula karanga.”

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama cha mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Zuberi aliondoka akaenda kusimama nyuma ya cherehani yake, machozi yake yasije yakaonekana.

Mwezi wa tano mvua zilikatika. Wiki hiyo hiyo Kisimba alipelekwa na wenzake kutengeneza njia upande wa Kabondo-Dianda, kazi ya mwezi mzima na zaidi. Baridi ya kiangazi ikashuka juu ya Kamina. Asubuhi watu walipumua moshi, na mchana moshi wa kweli ulitoka kwenye nyasi zilizochomwa ukatia uchungu kooni. Kobe alipunguza kula. Kisha akaacha. Zuena alimletea mapera, akampondea mihogo, akamtafuta konokono asimpate. Mnyama alikwenda kwenye pembe ya ua, akajisukuma chini ya majani makavu, akafunga bawaba yake, na hakutoka.

Siku ya kumi na mbili Zuberi alimtoa pale. Alikuwa baridi kama jiwe la kusagia. Akamgusa mguu kwa ncha ya sindano, haukuvutwa. Akaweka unyoya wa kuku mbele ya pua, akaukodolea macho kwa muda wa kusoma Yasini nzima, na unyoya haukutikisika.

“Amekufa,” alisema.

Zuena alikuwa amepiga magoti kando yake. “Tumungojee kwanza.”

“Tungojee nini? Uko unaona mwenyewe.”

“Sijue. Tumungojee tu. Mupaka kesho kutwa, Baba Alimasi. Minyi nakuomba.”

Alimwita Baba Alimasi. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya kitanda. Mtu mwingine angelisikia ombi ndani ya jina hilo. Zuberi alisikia hatari. Alimwona mkewe akikaa siku mbili mbele ya mzoga, nzi wakija, kidonda kile cha zamani kikichimbuliwa, na mwisho wake ukimya ukirudi mzito kuliko wa kwanza. Aliamini kwamba huruma ni kuyamaliza mambo upesi. Alijua vema kwamba mnyama hana sala wala sanda; lakini alijua pia kwamba kilichokufa hakiachwi juu ya ardhi, na mkono wake ulikuwa na mazoea.

Alingoja mpaka Zuena akaenda bombani kuteka maji. Akakata kipande cha kitambaa cha marekani, akamfunga kobe humo, na kwa kuwa alikuwa fundi, akashona ncha zote mbili kwa uzi wa mara mbili. Akachimba shimo la kina cha mkono mzima, akamlaza. Juu yake akapanga matofali sita, mbwa wasije wakafukua, akashindilia udongo kwa miguu. Na kwa kuwa kaburi hunyunyiziwa maji ili vumbi litulie, na vumbi la mwezi wa sita halitulii kwa kunyunyiziwa, akamwaga ndoo mbili. Kila Ijumaa baada ya hapo alimwaga ndoo nyingine, kwa unyenyekevu, akidhani anafanya jambo la upole.

Zuena aliporudi aliukuta udongo umelowa. Akashusha ndoo yake polepole.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Ni vizuri,” alisema, akaingia ndani.

Hakunyamaza kama Zuberi alivyohofia. Alijibu kila alichoulizwa, na kila jibu lilikuwa ndiyo. Chakula ndiyo, ugonjwa ndiyo, tumfungulie mgeni ndiyo. Zuberi alitamani ugomvi.

Kisimba alirudi Ijumaa ya tano, amekonda, midomo imepasuka kwa baridi. Alikuja moja kwa moja nyuma ya jiko na pera moja mfukoni.

“Tata Zuberi! Bwana mukubwa iko wapi?”

“Alikufa, Kisimba. Sasa ni mwezi moja.”

“Kufa? Mbwa?”

“Hapana. Aliacha kula, akakauka, akakuwa baridi. Nikamuzika.”

Kisimba alimtazama kama anayengoja mzaha umalizike, akaanza kucheka. “E, Tata! Weye mutu wa vitabu! Kiangazi kobe analala! Anajizika mwenyewe chini ya majani, hakule, hakunywe, unaweza kumupigia ngoma. Anangojea mvua. Maji njo inamuamusha.” Akapiga kofi pajani. “Usiogope. Kama umemutia mu udongo, umemusaidia kazi. Tumufukue, utamuona.”

Zuberi hakucheka. Alikuwa ameshika ndoo ya Ijumaa ile, nusu yake imekwisha kumwagwa.

“Nilimumwangia maji,” alisema.

“Mingi?”

“Ndoo mbili, siku ya kwanza. Na kila Ijumaa.”

Uso wa Kisimba ukabadilika. Alichukua jembe lililokuwa limeegemea jikoni, akaanza kuchimba. Udongo ulikuwa umeshikana kama matofali yaliyochomwa. Walipofikia matofali waliyaondoa kwa mikono, moja moja, na mawili ya katikati yalikuwa yamesogea kutoka yalipokuwa yamepangwa. Chini yake mshono wa fundi ulikuwa haujaachia hata tundu moja. Ila marekani yenyewe ilikuwa imechanwa mahali pawili, na katika matundu hayo miguu ya mbele ilitokeza, imenyooshwa juu, kucha zimelika mpaka kwenye nyama. Kichwa kilikuwa nje kabisa. Sisimizi walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao machoni.

Kisimba alifanya ishara ya msalaba. “Funika, Tata,” alinong'ona. “Funika mbio, mama asione.”

Lakini Zuena alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na alikuwa amesimama hapo tangu jembe lilipoanza kusikika. Akaja mpaka ukingoni mwa shimo. Akainama, akaugusa mguu mmoja kwa kidole, akapapasa pale palipokuwa na kucha.

“Alikuwa muzima,” alisema.

Zuberi hakuweza kusema hapana. “Alikuwa muzima. Minyi sikujua, Zuena. Wallahi sikujua.”

“Na mutoto?”

Kisimba aliinamisha kichwa, akarudi nyuma hatua mbili, akaondoka kwa kupitia ua.

“Zuena, mutoto ni kitu kingine. Nilimushika minyi mwenyewe toka alfajiri. Nilisikia roho inatoka. Nilimuosha kwa mikono hii, nikamufunga macho. Munganga alimuwekea sikio ku kifua. Saa zote zile nilikuwa naye. Hakukuwa hata…”

Kwa mara ya kwanza alimsimulia yote, yale aliyoyaficha nyuma ya aya: jinsi mtoto alivyomwita mama mara saba, jinsi ulimi wake ulivyokuwa mweupe, nani alishika maji na nani alishika shuka. Zuena alisikiliza mpaka mwisho, bila kuondoa mkono juu ya gamba.

“Masaa ngapi mulimungojea?”

“Kutoka adhuhuri mpaka alasiri.”

“Na huyu?”

Zuberi aliyatazama matofali yaliyorundikwa kando ya shimo.

“Uliniambia huyu pia amekufa,” Zuena alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. “Uliniambia na uso ule ule.”

Alisimama, akajifunga khanga kiunoni, akatoka kwa mlango wa ua. Zuberi alimfuata bila viatu. Walipita mbele ya maduka, wakavuka reli mahali ambapo watu huvuka, mwanamke mbele na mume nyuma, na waliowaona walidhani kuna msiba. Katika makaburi ya Waislamu nyasi zilikuwa zimeungua kwa moto wa kiangazi na ardhi ilikuwa nyeusi. Zuena hakuwahi kufika pale hata siku moja, kwa kuwa wanawake wa mtaa ule hawafuati jeneza. Akamgeukia mumewe amwonyeshe. Zuberi akaonyesha. Lilikuwa tuta fupi, na vijiti viwili, kimoja kichwani na kimoja miguuni.

Zuena akapiga magoti katika majivu. Akaweka viganja viwili ardhini, kisha akalaza shavu, kisha sikio, akafumba macho.

Zuberi alitaka kumwambia kwamba imepita miaka miwili. Alijua kila hoja na kila dalili, na kinywa chake kilikuwa kimekwisha kufunguka. Akatazama uso wa mkewe, ulivyotulia katika kusikiliza, akakifunga tena. Akaketi juu ya majivu upande wa pili wa tuta, akangoja, kwa kuwa kungoja ndicho kitu pekee alichowahi kuombwa na mwanamke yule.