Kristo Yuko Wapi kwa Hajiri?

Mwinjilisti Penina wa Gulwe alikuwa na moyo mzuri, ila siku moja ulimi ulitangulia. Mwanawe Jordan alikuwa Mtera akivua samaki, na nyumbani kwa mama yake alimwacha mkewe Munira, binti Mwislamu wa Kondoa, na mtoto wao Ikram. Munira alipokataa kubatizwa, Penina alimwambia kwamba nyumba ya ahadi haina nafasi ya mjakazi na mwanawe. Haya, Sara aliyasema hayo alipomfukuza Hajiri, lakini Sara hakuwa amevaa joho la kanisa! Munira alibeba mtoto akaenda kwa dada yake aliyekaa Makole, mjini. Tangu hapo Jordan akitoka Mtera alikwenda Makole moja kwa moja. Miaka mitatu hakukanyaga kwa mama yake.

Kanisani kwao, kisomo cha Agano la Kale hakifungwi mpaka mwalimu aulize, "Kristo yuko wapi hapa?" Kila ilipofika zamu ya Hajiri, watu walijibu kwa pamoja kwamba yuko hemani kwa Sara, upande wa Isaka. Jumapili moja zamu hiyo ilifika tena, na Penina aliuliza kama kawaida. Mzee Batholomeo, mfugaji asiyejua kusoma, akainuka taratibu.

"Mwinjilisti, mimi namwona jangwani. Si ndiye aliyekaa kisimani na yule mama Msamaria? Hajiri alipoishiwa maji, nani mwingine angemfuata?"

Penina aliona aibu, aibu ya kweli. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuwa Makole.

Kesho yake alipanda basi. Alimkuta Munira uani akikaanga vitumbua.

"Shikamoo, mama," Munira alisema bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kwa habari ya ubatizo. Nimekuja kuomba radhi."

Munira aligeuza kitumbua kimoja, kisha kingine. Ikram, ambaye walipoondoka Gulwe alikuwa mdogo mno kukumbuka, akashika kanga ya mama yake.

"Mama, huyu ni nani?"

"Muulize mwenyewe."

Penina alichuchumaa mbele ya mtoto. Angeweza kusema "bibi yako," na isingekuwa uongo.

"Mimi ndiye niliyewafukuza," alisema.

Munira akamsogezea kigoda.