Sauti Nyuma ya Kamera

Pabitra Gahatraj alifundishwa ufundi wa kompyuta na mumewe, na mume alipofariki akarithi mkoba wa vifaa pamoja na wateja wake hapo mjini Butwal, isipokuwa wale wasiotaka fundi mwanamke. Lokendra, mwenye studio ya picha, hakujali hilo. Alimwita msimu wa harusi ulipopamba moto.

"Dada, tumekwama. Ukifungua picha moja kutoka kompyuta kubwa, unapika chai, unakunywa, unaosha kikombe, bado."

"Wewe kikombe uliosha lini?"

Lokendra akacheka nusu. Tangu msiba wa mdogo wake, Junu, alikuwa hacheki kicheko kizima.

Kompyuta zote za studio zilichota mafaili kwenye ile kubwa. Pabitra alianza na nyaya. Mmoja ulikuwa umetafunwa na panya. Akaubadilisha, hali ikawa ileile. Akapima diski, nzima. Akawaambia wote waache kazi kidogo, akachuchumaa mbele ya kisanduku kinachounganisha nyaya. Vitaa vilitulia, ila kimoja kilipepesa bila kupumzika. Akaufuata waya wake kwa kidole, chini ya pazia, hadi chumba cha nyuma.

Mzee Tikaram, baba yake Lokendra, alikuwa ameketi pale mbele ya kompyuta kuukuu, amevaa visikizio. Kwenye kioo kulikuwa na harusi ya watu.

"Unatazama nini, baba?"

"Sitazami, mwanangu. Nasikiliza." Akamvisha visikizio.

Sauti ya msichana ilitoka nyuma ya kamera: "Bibi harusi, inua kidevu. Mjomba, utaniangushia kamera." Kisha kicheko. Alikuwa Junu. Mwaka uliopita mlima uliporomoka ukafunika gari lake akienda kupiga picha za harusi Tansen. Maisha yake yote alipiga picha za wengine. Yeye mwenyewe alibaki sauti tu, ndani ya video ambazo hazijakatwa wala kuhaririwa.

"Nimewaharibia kazi?" mzee aliuliza.

"Kidogo, baba. Video hizi ni nzito, na kompyuta zote zinapita njia moja. Nitakuhamishia zako humu humu kwenye kompyuta yako."

Akaleta diski kubwa. Kwa siku tatu waliketi pamoja wakichagua zenye sauti ya Junu. Siku ya tatu wakakuta moja ambayo kamera ilisahauliwa ikiwaka, ikitazama sakafu. Junu alikuwa kwenye simu: "Haya kaka, Tansen nitakwenda mimi. Wewe lala na homa yako."

Mzee alivua visikizio taratibu.

"Kumbe ndiyo maana kaka yake hataki kula nasi," akasema. "Ifute hiyo. Na kule kwenye kompyuta kubwa pia."

"Baba, ni sauti yake."

"Anaweza kuisikia siku moja. Ifute."

Pabitra, ambaye hakuwa na hata neno moja la mumewe lililorekodiwa, alishindwa kubonyeza. Mzee akaushika mkono wake, wakafuta pamoja.

Mchana ule mafaili yalifunguka mara moja.

"Ilikuwa nini?" Lokendra aliuliza.

"Waya. Panya."

"Waya tu?"

"Waya tu, ndugu yangu."

Kutoka nyuma ya pazia mzee aliita, "Loke, njoo tule wali." Lokendra alijibu kwamba anakuja. Pabitra alifunga mkoba wake polepole, akavaa viatu, akaaga, na Lokendra alikuwa bado ameketi, ameinamia kioo cha kompyuta, akiondoa madoa kwenye picha ya uso wa bibi harusi asiyemjua.