Mikono ya Mama Marthe ku Goti ya Parfait

Mu kambi yote ya Nakivale hakuna mutu anajua kukanda kuliko Mama Marthe. Mwenyewe alikuwa anasema hivyo, na nani atabisha? Nusu ya batu benye kutembea pale, miguu yao ni kazi yake.

Sasa mutoto wake Parfait, beki mwenye alikuwa anajiita ukuta, akakatika mushipa ndani ya goti siku ya mechi na batu ba Rwekubo. Ukuta ukaanguka peke yake, hata mupira haukumugusa. Ku hospitali ya Mbarara, munganga Kabanyana akamupasua. Akatoa mushipa nyuma ya paja ya Parfait mwenyewe, akaupitisha mu matundu ya mifupa ya goti. Mu yale matundu akatia dawa moja ya unga-unga. Ule unga unayeyuka polepole, mufupa unaota pahali pake, unakamata mushipa.

"Miezi tisa mpaka ipone," munganga akamuambia. "Uchungu itaisha mbele ya pale, isikudanganye. Mutu asikunje hii goti kwa nguvu."

Parfait alisikia. Lakini mama hakukuwa pale.

Wiki ya tano, goti ikawa ngumu kama ubao. Mama akachemsha maji ya chumvi, akaleta mawese.

"Lala hapa."

"Mama, munganga alikataza."

"Munganga ndiye alikuzaa? Mikono hii ilinyoosha mugongo ya pasta Nehemiya, itashindwa na kagoti kako?"

Nani anaweza kumunyima mama yake mguu? Parfait akauma shati. Mama akakunja mara moja tu, na ile kelele kijana alipiga ilitoa majirani mu jiko. Goti ikavimba kama papai.

Kesho yake wakaenda Mbarara, Mama Marthe mikono yake ameificha mu kitenge njia yote.

Kabanyana akavuta mguu polepole, akapima na vidole.

"Nani alikunja?"

Parfait akafungua kinywa adanganye. Mama akamutangulia.

"Ni miye. Kama umekatika, toa wa kwangu umutie."

Munganga akamuangalia, akacheka kidogo. "Mushipa yake imeshika, haikukatika. Na ya kwako imezeeka, mama. Leta vidole."

Akamushika vidole viwili, akaviweka ku kamufupa ka juu ya goti, kenye kucheza. Kushoto, kuume, pole. "Hii tu unaruhusiwa, kila siku, goti isikauke."

"Hii tu? Hii hata sisimizi haiwezi kumuamsha!"

"Hii tu, mama."

Siku hizi, kisha kula chakula cha saa sita, Parfait ananyoosha mguu ku mukeka. Mutu akifika na kiwiko imeteguka, angoje.

"Unasikia uchungu?"

"Hapana, mama."

"Sema kweli."

"Mama, usingizi unanikamata."

Na bado Mama Marthe anapunguza nguvu ya vidole vyake.